Wa Pili Kuitika Mwano

Sura ya Tisa

Maelezo ya mashahidi yalikuwa saba, na yote saba yalikuwa na sentensi moja. Stafu Sajenti Abdulkarimu Hatibu aliyasoma Jumatatu asubuhi mezani kwake, miwani imeshuka puani, chai inapoa pembeni. Shahidi wa kwanza alimwona mkimbizi akiondoka pale alipouawa Mzee Bulugu. Wa pili alimwona mkimbizi akiondoka. Wa tatu naye alimwona, wa nne naye, mpaka wa saba, ambaye nyumba yake, kwa jinsi Abdulkarimu alivyokifahamu kitongoji cha Nyakafandi, iko nyuma ya kilima na haioni hata moshi wa jirani.

Alivua miwani akajifikicha macho. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kuisha kwa usingizi. Ni uchovu wa miaka thelathini na mitano ya kuinamia karatasi za namna hii. Watu saba wakitazama ng'ombe mmoja watakupa ng'ombe saba: mwenye pembe, asiye na pembe, na mmoja atakuapia kwamba alikuwa mbuzi. Hawa saba walikuwa wamemwona mtu yuleyule kwa neno lilelile, na jambo hilo lilimkera.

Kwa mkuu wake wa upelelezi kesi ilikuwa imekwisha. Mzee Bulugu, mfugaji Msukuma aliyetoka Shinyanga, akakaa Biharamulo miaka kumi, kisha akahamia Kibimba, kijiji chenye kitongoji hicho, alikutwa Alhamisi jioni amelala kwenye mpaka wa shamba lake, kisogo kimepasuka. Kibarua wake, Kwizera, alikamatwa jioni hiyohiyo akiwa na damu kwenye shati. Saa tisa alasiri ya Jumatatu hiyo gari lingeondoka kituoni na jalada pamoja na Kwizera mwenyewe, na kesho yake angesomewa shtaka la mauaji. Shtaka hilo halina dhamana. Abdulkarimu amewahi kuona vijana wakiingia mahabusu kwa shtaka hilo na kutoka wakiwa na mvi, wengine bila hata kesi kusikilizwa hadi mwisho.

Nje kwenye ngazi alikaa Uwase, mke wa Kwizera, mimba ya miezi saba, na bakuli la maharage lililofunikwa kwa kitambaa. Alikuwapo tangu Ijumaa. Kila Abdulkarimu alipopita, Uwase alisimama kwa adabu na kumwamkia shikamoo, wala hakuuliza chochote. Abdulkarimu alianza kupitia mlango wa nyuma. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimchosha kuliko kazi.

Alimwita Koplo Joyness, ambaye ndiye aliyeandika maelezo yale. Joyness alikuwa askari mzuri, mwenye mwandiko wa kusomeka na haraka ya ujana. Alisimama mbele ya meza akadhani anasifiwa.

"Uliwauliza swali gani?" Abdulkarimu aliuliza.

"Niliwauliza kama walimwona mkimbizi akiondoka eneo la tukio, afande."

"Na neno hilo ulilipata kwa nani?"

Joyness alifikiri. Alisema hakupewa na mtu mmoja. Alipofika Nyakafandi alikuta kila mtu analisema, hata watoto. Akaona ameshajua anachotafuta. Alipomaliza kusema hivyo uso wake ulibadilika, maana hakuwa mjinga. Abdulkarimu hakumkaripia. Maelezo yale yalikuwa na sahihi ya koplo chini, na chini ya sahihi ya koplo kulikuwa na sahihi yake yeye.

Abdulkarimu alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na maneno, ugomvi wa kurithi. Baba yake, Mzee Hatibu, alipanda Ngara kutoka Tanga na duka la vitambaa, akaishi miaka arobaini katikati ya watu ambao Kiswahili kwao ni lugha ya sokoni na ya shuleni, na kila siku aliwasahihisha wateja bure, hata wale waliokuja kununua uzi tu. Alisikitika redio ilipowaita watu wa mafuriko wahanga, akisema mhanga ni yule anayejitoa, na hawa wametolewa na maji. Alikumbuka fisadi alipokuwa mwanaume anayeharibu wake za watu, kabla hajahamia kwenye ofisi za serikali. Mtoto alicheka wakati ule. Sasa mtoto mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alikuwa ameona neno likifanya kazi mbaya kuliko kuudhi wazee wa Tanga.

Hili la mkimbizi alilijua tangu likiwa changa. Enzi za kambi za Lukole, mkimbizi alikuwa mtu mwenye kadi, hema na foleni ya unga. Kambi zikafungwa, watu wakarudi kwao, neno likabaki. Halikukaa bure. Kwanza lilimshika kila anayezungumza Kirundi, hata kama amezaliwa Ngara. Baadaye likamshika kibarua yeyote anayelala kwenye banda la shamba la mtu. Siku hizi mtoto akija shuleni bila viatu anaitwa mkimbizi, na sokoni kuku asiye na mwenyewe ni kuku mkimbizi. Hakuna anayekusudia ubaya. Wanasema tu, kwa sababu wenzao wanasema.

Kabla ya kuondoka alishuka mahabusu. Kwizera alikuwa amechuchumaa pembeni, mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu. Mama yake alikuwa Mhangaza wa hapohapo Kibimba. Baba yake alivuka kutoka Burundi kutafuta kazi ya jembe miaka mingi kabla ya kambi. Alirudia yaleyale aliyosema tangu mwanzo: alikuwa juu kilimani anakata majani ya ndama, akasikia mwano, ule ukelele wa kuomba msaada, akakimbia, akawakuta watu wamemzunguka mzee, akamwinua kichwa kwa sababu wengine walikuwa wanaogopa kumgusa. Damu ilitoka hapo. Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye maelezo.

"Mimi sijawahi kukimbia kitu, afande. Hata siku ile nilikimbilia, sikukimbia."

Abdulkarimu aliondoka bila kumwahidi chochote. Ilikuwa saa mbili na nusu. Gari la kituo halikuwa na mafuta ya safari mbili, kwa hiyo walikwenda Kibimba kwa pikipiki, Joyness akiendesha, stafu sajenti nyuma yake ameshikilia kofia, magoti yakimlalamikia kwenye kila korongo.

Walianza na shahidi wa saba, yule wa nyuma ya kilima. Abdulkarimu hakumuuliza alichoona. Alimuuliza alisikia kwa nani kwamba ni mkimbizi. Mzee wa watu alishukuru kwamba hatimaye ameulizwa swali analoweza kulijibu, akamtaja wa sita. Wa sita alimtaja wa tano. Hivyo ndivyo walivyoipitisha asubuhi ile, nyumba kwa nyumba, wakilifuata neno kinyumenyume kama watu wanaofuata kijito kutafuta chemchemi. Hakuna aliyekuwa mwongo. Kila mmoja alikuwa amelipokea neno kwa mwenzake, na alipoulizwa na askari mwenye kalamu akaona ni kama ameona. Joyness aliandika kila jina, na kila alipoandika alikunja midomo.

Saa nne walimkuta Yuster, shahidi wa pili, akipalilia maharage karibu na lile shamba la marehemu. Huyu angalau alikuwa na macho yanayofika. Alisema Alhamisi mvua ilikuwa nyepesi, na kweli alimwona mtu, kwa mgongo, akiteremka haraka kuelekea mtoni. Baada ya muda mfupi, muda wa kupalilia mstari mmoja, akasikia mwano.

Abdulkarimu alimuuliza sura yake ilikuwaje. Yuster alisema hakuona sura. Nguo je? Hakuona nguo, maana alikuwa amejifunika gunia kichwani mpaka kiunoni.

"Sasa ulimjuaje kuwa ni mkimbizi?"

"Si amevaa gunia, afande."

Abdulkarimu alitazama ua wa Yuster, uliokuwa nyuma yake. Kwenye kijiti cha uani lilining'inia gunia, limekunjwa pembe moja ndani ya nyingine likawa kofia ndefu, bado lina unyevu. "Na lile la nani?"

"Langu." Yuster alilitazama gunia, kisha akalitazama tena. "Sasa mvua ikinyesha mimi nitavaa nini?"

Hakucheka. Aliegemea jembe, na aliposema tena sauti ilikuwa ya chini. Alisema jioni ile alipofika pale penye watu, alimkuta kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kitongoji, jina lake Mhoja, anasema mkimbizi amemuua mzee. Ndipo akajua kumbe aliyemwona ni huyo. Akauliza kama maneno yake ndiyo yaliyomfunga Kwizera. Abdulkarimu alimwambia hayakuwa ya kwake peke yake, na hilo lilikuwa kweli, ingawa halikumfariji mtu.

Jambo moja Joyness alilipigia mstari. Banda la Kwizera liko juu, karibu na zizi. Mtu mwenye gunia aliteremka mtoni.

Mhoja aliwapokea kwake kwa viti na maziwa ya mgando. Alikuwa mwanaume mnene wa miaka hamsini, Msukuma mwenye kuipenda kazi yake ya ukamanda, na aliposikia kwamba polisi wanataka kujua habari za mwano, alikaa vizuri. Alieleza jambo ambalo Abdulkarimu alilijua lakini alitaka Joyness alisikie. Mtu akipatwa na balaa hupiga mwano. Mwano ni ukelele, hauna maneno; nyumba ya jirani huupokea ikaupeleka mbele, mpaka kitongoji kizima kinalia. Kila mwanaume wa kila kaya lazima atoke na silaha yake, upinde au rungu au panga, akimbilie ulikoanzia. Hakuna udhuru. Mwenye homa anakuja na homa yake.

"Na asiyekuja?" Joyness aliuliza.

Mhoja alimwangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa inakuwaje kwa asiyepumua. Alisema asiyekuja anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, hachimbiwi kaburi, mpaka aombe radhi mbele ya watu wote. Tangu yeye awe kamanda alikuwa amekosa mtu mmoja tu, na huyo alihama.

Abdulkarimu aliuliza anawajuaje waliokuja. Hapo Mhoja aliingia ndani akatoka na daftari, lile la kurasa nyingi lenye jalada gumu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliandika majina papo hapo, mtu anavyofika, kwa mpangilio wa kufika, ili aliyechelewa ajulikane. Mbele ya jina aliandika silaha. Aliyechelewa au aliyekuja bila silaha alitozwa jogoo.

Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa na majina thelathini na mawili. La Kwizera halikuwamo.

"Huyu hatumwandiki," Mhoja alisema. "Hana kaya. Ni mkimbizi, afande."

"Lakini alikuja?"

"Alikuja, kweri kabisa. Yeye ndiye alimwinua mzee."

Abdulkarimu aliuvuta ukurasa karibu. Kwenye jalada lililokuwa likisubiri gari kulikuwa na mstari unaosema mtuhumiwa hakuitika mwano, na mstari huo ulitoka kwenye daftari hili. Alivaa miwani, akasoma tangu juu. Wa kwanza, Mhoja mwenyewe, upinde. Nyumba yake ilikuwa hatua mia tatu kutoka mpakani. Wa pili, Ferdinand, na mbele yake: hana silaha, jogoo. Wa tatu, rungu. Wa nne, panga. Wote wa tatu hadi wa kumi walikuwa majirani wa upande huu.

Ferdinand alikuwa shahidi wa kwanza. Kwake ni ng'ambo ya mto.

"Ferdinand jogoo ametoa?" Abdulkarimu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua.

"Alileta Ijumaa asubuhi na mapema. Tulishamla."

"Daraja la miti bado lipo?"

Mhoja alisema maji yalilibeba Jumanne. Sasa watu wa ng'ambo wanazunguka kwa juu, penye mawe. Alisema hivyo kwa kawaida tu, mkono ukifunga mpira wa daftari, na kisha mkono ukasimama. Alifungua tena ukurasa ule akauangalia mwandiko wake mwenyewe.

Abdulkarimu alimwacha aangalie, halafu akamuuliza swali alilokuwa amelibeba tangu nyuma ya kilima. Nani alimwambia kwamba ni mkimbizi?

Mhoja alifunga daftari. Alisema alipofika alimkuta mke wa marehemu, Mama Nshoma, amepiga magoti anammwagia mzee maji usoni. Mara Ferdinand akatokea anahema. "Yeye ndiye alisema. Alisema, mkimbizi wenu ameshamuua mzee. Mimi nikawaambia wengine walipofika." Aligusa kofia yake. "Mimi ni kamanda. Nilitakiwa kusema kitu."

Mama Nshoma walimkuta msibani, amekaa kwenye mkeka na wanawake wa kanisani, khanga imefungwa kichwani. Alikuwa amemzidi Abdulkarimu umri, kwa hiyo Abdulkarimu ndiye aliyemwamkia shikamoo, akapata marahaba iliyochoka. Alimpa pole, akachuchumaa licha ya magoti yake, akauliza kidogo kidogo. Mama Nshoma alisema alimkuta mume wake amelala chali kwenye mikonge ya mpaka. Hakujua kama ameuawa. Mzee alikuwa na kizunguzungu tangu Kwaresima na alishaanguka mara mbili. Alimtikisa, akapiga mwano, akakimbilia maji.

"Ulipopiga mwano ulisema neno lolote, mama? Ulimtaja mtu?"

"Nimtaje nani, mwanangu. Nililia tu."

"Na Ferdinand alipofika?"

Alifunga macho. "Alisema mzee ameuawa. Nikamwambia usiseme hivyo, baba, amezimia tu, nisaidie tumwinue. Damu ilikuwa nyuma, chini ya kichwa. Hata mimi sikuwa nimeiona." Alifungua macho. "Kwizera ndiye aliyeiona, alipomwinua."

Mwanamke mmoja alianza kulia upya. Abdulkarimu alibaki amechuchumaa pale, hakuona haya kuwa na machozi. Kisha aliuliza mzee alikwenda kufanya nini mpakani kwenye mvua. Mama Nshoma alisema mikonge ya mpaka ilikuwa inatembea. Mzee alikuwa amemwita mwenyekiti wa kitongoji aje Ijumaa aione, na Alhamisi alikwenda kuhesabu hatua ili asije akaaibika mbele ya mwenyekiti. Mpaka ule ni wa shamba la bondeni, ambalo jirani yake ni Ferdinand.

Walikwenda kuiona. Miche mitano ya mkonge ilisimama kwenye mstari mzuri, lakini majani yalikuwa yamelegea kwa namna mkonge mkongwe haulegei, na udongo wa shinani ulikuwa mpya. Hatua sita ndani ya shamba la Bulugu. Joyness alizipima mara mbili akaandika.

Saa sita na nusu waliuzunguka mto kwa juu, penye mawe, wakamkuta Ferdinand kwake anapukuchua mahindi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole, mwenye kupendwa, wa kwanza kuchanga msiba ukitokea. Aliwaamkia vizuri, akamwita mkewe alete maji. Abdulkarimu alimsomea maelezo yake mwenyewe. Ferdinand alikubali kila neno: alikuwa papa hapa, kwenye kigoda hiki, anapukuchua mahindi, aliposikia mwano. Alitoka mbio.

"Tutembee," Abdulkarimu alisema. "Nataka kuiona hiyo njia."

Ferdinand aliongoza. Joyness alikuwa wa nyuma na saa mkononi. Walitembea kwa haraka, haraka kuliko alivyopenda Abdulkarimu, na pale palipoteremka Ferdinand alitakiwa akimbie akakimbia. Mwanzoni alizungumza habari za maharage na bei ya mbolea. Walipovuka mawe alinyamaza. Walipofika kwenye mikonge Joyness alisema dakika ishirini na sita. Wa tatu kwenye daftari la Mhoja hakai mbali hata kwa dakika tano.

Abdulkarimu alitafuta jiwe akakaa. Alimweleza Ferdinand kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba akisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Aliyasema maneno hayo polepole, kwa maana yake, kwa sababu ni miongoni mwa maneno machache ambayo yalikuwa hayajaharibika kwake. Kisha akamweleza anachofikiri. Mtu alihamisha mikonge. Mzee akamkuta, au akamfuata kumuuliza. Mtu akampiga kwa kilichokuwa mkononi, akateremka mtoni kukitupa. Akiwa hukohuko chini, mwano ukapigwa.

"Una gunia, mvua inakuficha, mto uko mbele yako," Abdulkarimu alisema. "Hakuna aliyekuona uso. Ungezunguka ukaenda zako nyumbani, ukaja wa mwisho na rungu lako, leo nisingekuwa hapa. Kwa nini uliitika?"

Ferdinand alimtazama kama hajaelewa swali. Hilo ndilo Abdulkarimu angelikumbuka baadaye, kwamba mtu yule hakutishwa na lile la kuua; alishangazwa na hili.

"Mwano unapigwa, mimi nipo hapo chini, nisije?" alisema. "Miguu ilikuja yenyewe, afande. Na ningechelewa wangesema nini? Wangesema huyu si mwenzetu. Wangeniita mkimbizi."

Alipolitamka alilisikia. Alikaa chini kwenye majani, palepale penye udongo mpya, akaweka mikono kichwani. Alisema hakuwa amekusudia. Mzee alimwita mwizi mbele ya mikonge, na mpini wa jembe ulikuwa mkononi. Alisema mpini uko pale chini, kwenye matete, lile gunia liko chini yake. Alisema Kwizera alikuwa rafiki yake, walikuwa wakinywa pamoja. Jina lile la mkimbizi lilimtoka tu, kwa sababu lilikuwa karibu.

Joyness aliteremka mtoni. Alirudi na suruali imelowa mpaka magotini, mpini mmoja mrefu wenye ufa na gunia lililokunjwa pembe ndani ya pembe, vyote vimeshikwa kwa mfuko wa plastiki. Mhoja alikuwa ameshafika na vijana wake wawili. Alimtazama Ferdinand, kisha akavua kofia yake ya ukamanda, akaishika mkononi.

Kumaliza kuandika, kutia sahihi na kufunga vielelezo kulikula saa nyingine. Simu haikushika mtandao bondeni. Abdulkarimu alipanda kichuguu kilichokuwa karibu na zizi, Joyness akimsukuma mgongoni, na huko juu mtandao ukaja kwa shida. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane. Mkuu wake hakupokea. Alipiga kaunta.

Askari wa zamu alipokea. Abdulkarimu alimwambia jalada la Nyakafandi lisiondoke, na Kwizera ashushwe kwenye gari, yeye anakuja na mtu mwingine.

"Ashushwe nani, afande?"

"Kwizera."

Karatasi zilifunuliwa. "Leo gari limebeba watu tisa, afande. Huyo ni yupi?"

"Wa kesi ya Mzee Bulugu. Kwizera. Linaanza na K."

Sauti ilikatika, ikarudi pamoja na muungurumo wa injini. Askari alisema haioni hiyo orodha, ameshapewa dereva, na dereva ameshawasha. Aliuliza tena jina. Abdulkarimu alilitaja mara ya tatu, silabi moja moja, kama baba yake dukani. Hewani hakukuwa na kitu isipokuwa injini.

Alimwangalia Joyness aliyekuwa chini ya kichuguu. Joyness alikuwa anatazama saa.

"Yule mkimbizi," Abdulkarimu alisema.

"Aaa, mkimbizi," askari alijibu, na sauti yake ilijaa nafuu. "Huyo namjua, afande. Namshusha sasa hivi."

Alimsikia akipaza sauti kwa dereva, akilitumia neno hilohilo, na mlango wa gari ukifunguliwa. Alisubiri mpaka alipoambiwa ameshuka, na kwamba mkewe yuko pale na amempa chakula. Kisha akakata simu, akaitia mfukoni. Alishuka kichuguu polepole kwa ajili ya magoti yake, na mpaka walipofika penye pikipiki alikuwa akilirudia jina la Kwizera, silabi moja moja.